Mikono Mizito

Maradhi ya mwili hufichwa na nguo, na maradhi ya gari hufichwa na mikono ya dereva. Mtu anaweza kuuficha ugonjwa wake mwaka nenda mwaka rudi, akacheka na wenzake, akala nao sahani moja, na pasiwe na anayejua. Lakini ugonjwa hauna urafiki na anayeuficha. Siku yake ikifika hutoka hadharani bila kubisha hodi, na mara nyingi anayeumia ni yule asiyekuwamo. Hayo ndiyo yaliyomfika dereva mmoja aliyeitwa Uzi.

Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alibandikwa na madereva wenzake, kwa sababu gari lake lilikuwa likienda limenyooka kama uzi uliovutwa ncha mbili. Alikuwa na pikapu ya zamani, ngumu kama jiwe, ambayo eksele yake ya mbele ilikuwa chuma kimoja kizima kutoka gurudumu hadi gurudumu. Kazi yake ilikuwa kuchukua mayai kwenye mabanda ya kuku nje ya mji na kuyasambaza madukani na kwa waoka mikate. Wenye maduka walikuwa wakitania kwamba yai likisafiri na Uzi hufika likiwa bado limelala. Sifa hiyo aliipenda kuliko chakula.

Mwaka mmoja mvua zilizidi, na njia ya kwenda mabandani ikachimbika hata tumbo la pikapu likawa linakwaruza udongo. Uzi akaamua kuiinua. Alinunua vipande vya chuma vya kuweka kwenye springi za mbele na za nyuma, akaazima jeki kwa jirani, akavifunga mwenyewe uani. Pikapu ikasimama juu, kifua mbele kama jogoo.

Mdogo wa mkewe alikuwa fundi wa magari, mwenye gereji yake karibu na ghala la nafaka. Siku Uzi alipopita pale, fundi aliizunguka pikapu mara moja, akachuchumaa mbele yake, akainuka.

"Shemeji, limependeza," alisema. "Ila ukiliinua hivi, magurudumu ya mbele yanaweza kupoteza ule mlalo wake wa kurudi nyuma, na ule ndio unaorudisha usukani katikati wenyewe. Liache hapa nilipime upya."

Madereva kadhaa walikuwa pale wakingoja magari yao. Uzi akawatazama, akacheka. "Mimi nimeshika usukani kabla wewe hujaota ndevu. Leo ndio unifundishe?"

Watu wakacheka. Fundi naye akacheka, maana mashemeji hutaniana, akarudi kwenye spana zake. Kwa wote neno lile likaishia pale, isipokuwa kwa Uzi. Yeye tangu siku hiyo asingeweza kuipeleka pikapu gerejini bila kuyameza maneno yake mbele za watu.

Na haukupita muda akawa anaihitaji gereji. Kwenye lami iliyonyooka, pikapu ilianza kutangatanga. Ilihama taratibu kulia kama ng'ombe aliyeona majani. Akiirudisha, ilikawia kidogo, kisha ikavuka katikati na kuhamia kushoto. Akawa hawezi kuipumzisha mikono: alisahihisha, akasahihisha alichosahihisha. Upepo wa ubavuni ukipiga, au lori kubwa likipishana naye, roho ilimruka. Jioni alifika nyumbani mabega yakimuuma kama mtu aliyeshinda akitwanga.

"Mbona unajikanda hivyo?" mkewe aliuliza.

"Ubaridi tu, mke wangu."

Mkewe hakuuliza tena. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na mkono mwepesi wa kazi. Ndiye aliyepokea simu za wateja, ndiye aliyepanga trei, na ndiye aliyejua nani anapenda mayai makubwa na nani hajali. Habari za magari alimwachia mumewe. Alilolisema Uzi juu ya gari, kwake yeye lilikuwa limekwisha.

Lakini Uzi alijua. Mtu aliyeishi na gari miaka mingi hulijua kama anavyoijua sauti ya nyumba yake. Kila alipofikiria kwenda kwa shemeji yake, kile kicheko cha madereva kilimgeukia masikioni, safari hii kikimcheka yeye. Akatafuta njia ya mkato. Alinunua shokamzoba mpya ya stelingi, ile inayozuia usukani usitetemeke, akaifunga. Kisha akakaza skrubu ya boksi ya stelingi mpaka usukani ukawa mgumu. Usukani ukaacha kuchezacheza mkononi, na kwa asiyejua, gari likaonekana limepona. Kumbe lilikuwa limezibwa mdomo tu. Ugumu ule ulimaliza hata ile nguvu kidogo iliyobaki ya kurudi katikati.

Akaendelea kuiendesha hivyo hivyo. Alikuwa hodari, na uhodari wake ndio uliokuwa shuka la kufunikia.

Ndipo jicho lake la kulia likaingia mtoto wa jicho. Daktari akamfanyia upasuaji, akamfunga bandeji, akamkataza kugusa usukani mpaka atakapomruhusu. Wateja hawakuweza kungoja, kwa hiyo kazi ikamwangukia binti yake mkubwa, kifungua mimba wao, ambaye mtaa mzima ulimwita Kifungua. Alikuwa amemaliza mafunzo ya udereva na kupata leseni kwa mtihani wa kwanza. Alikuwa na furaha ya kumsaidia baba yake, akaipangusa pikapu hadi ikang'aa.

Siku ya kwanza alirudi shati limemganda mgongoni.

"Baba, gari linanihama," alisema. "Nikilinyoosha halinyooki."

Uzi alikuwa ameketi sebuleni, jicho moja limefungwa. Mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi mbele yake, na hakuna aliyekuwa amesimama kumzuia. Neno moja lingetosha. Badala yake alisema, "Gari halina kitu. Mikono yako ndiyo mizito. Unaushika usukani kama unashika mchi."

"Lile la kujifunzia halikuwa hivi."

"Lile kigari cha mjini. Hili pikapu. Mkono mwepesi, mwanangu. Mkono mwepesi tu."

Mama yake, aliyekuwa akihesabu trei mlangoni, alitabasamu. "Msikilize baba yako. Hawakumwita Uzi bure."

Kifungua akamsikiliza baba yake, kama mtoto aliyelelewa vizuri anavyomsikiliza mzazi. Asubuhi moja mama yake alimkuta jikoni ameshika sinia kwa mikono miwili, macho ameyafumba, akiligeuza polepole kushoto na kulia. Kila aliporudi na mayai yaliyovunjika alimwomba baba yake radhi, naye Uzi akaipokea.

Yule fundi, mjomba wa Kifungua, alipokuja kumtazama mgonjwa, alimkuta Kifungua uani akiosha magurudumu. "Vipi mpwa wangu, gari linakwendaje?"

"Gari zuri, mjomba. Mimi ndiye bado sijaiva."

"Wewe? Nilikuona kwenye mtihani, ulikwenda sawasawa. Hebu nipe ufunguo nilizungushe kidogo."

Uzi akadakia kutoka dirishani. "Mwache mtoto ajifunze, shemeji. Ukimshika mkono kila mara hatatembea." Alicheka aliposema hivyo. Mjomba mtu akairudisha mikono mifukoni, akaingia ndani kunywa chai.

Siku ya msiba upepo ulikuwa umeamka mapema. Mwoka mikate mmoja alikuwa ameagiza mzigo mkubwa, na mama akaamua kwenda na binti yake ili wapakue pamoja. Uzi aliwafuata hadi langoni. Aliuona upepo ukiwapeperushia mama na mtoto kanga zao, akaifikiria ile barabara ndefu ya mashambani isiyo na mti wala nyumba ya kukinga. Neno lilimfika kooni. Akajiambia kwamba jicho li karibu kufunguliwa, kwamba akipona atalitengeneza gari kimyakimya na hakuna atakayejua. Akalimeza.

"Nendeni polepole," ndilo lililotoka.

"Tumesikia, baba Kifungua," mkewe alijibu, akafunga mlango wa gari.

Walikuwa katikati ya barabara ile lori la mizigo lilipokuja mbele yao. Lilipowapita, upepo wake uliisukuma pikapu pembeni. Kifungua akairudisha. Ikakawia, kisha ikaja yote kwa mara moja. Akairudisha tena upande wa pili. Gurudumu la pembeni likashuka kwenye ukingo wa lami, likaivuta pikapu yote pembeni. Pikapu ikabiringika mtaroni. Waliowahi kufika walimtoa Kifungua akiwa amevunjika mkono. Mama yake walimtoa amekwisha kata roho.

Nyumba ikajaa watu. Kifungua aliketi kwenye mkeka katikati ya wanawake, mkono umefungwa plasta, na kila aliyemkumbatia alimwambia neno lile lile: "Ni mimi. Mikono yangu mizito." Wanawake walimjibu kwamba kazi ya Mungu haina makosa, lakini maneno yao yalimpita kama maji juu ya jani la mgomba. Uzi alikuwa upande wa wanaume, pazia tu likiwatenganisha. Alisikia kila neno. Akajiambia kwamba kusema sasa hakutamfufua marehemu, kwamba mtoto atasahau, kwamba vijana hupona haraka. Akainamisha kichwa, na watu wakadhani ni huzuni peke yake.

Baada ya maziko, fundi aliondoka bila kuaga. Alikwenda kituo cha polisi, kwenye uwanja walikoivutia pikapu. Hakwenda kumtafuta mtu makosa. Dada yake alifia ndani ya gari lile, naye alikuwa mtu wa kujua mambo kwa kuyagusa. Akajilaza chini, akaingia uvunguni.

Aliporudi msibani shati lake lilikuwa na grisi. Akaketi kando ya Uzi, akasema kwa sauti ya chini ambayo hakuna mwingine aliyeisikia.

"Nimetoka kuliona gari."

Uzi akaitazama ile grisi.

"Uliliinua bila kurekebisha kitu. Hilo ningelisamehe, wengi hawajui. Lakini kuna shokamzoba mpya kwenye stelingi, na skrubu ya boksi imekazwa mpaka mwisho. Hiyo haikukazwa na ajali. Hafanyi hivyo ila mtu anayejua gari linahama."

"Shemeji..."

"Ulijua?"

Uzi alitazama mkeka. "Nilijua."

Fundi akamsogelea zaidi. "Sikuja kugombana. Dada yangu yuko chini ya udongo, na ugomvi hautamtoa. Lakini mle ndani kuna mtoto anajiita muuaji. Nimwambie mimi, au utamwambia wewe?"

Uzi aliinuka. Akalipita pazia. Wanawake walipomwona akiingia wakamwachia nafasi, na mkubwa wao, alipouona uso wake, akawatoa wenzake nje. Akaketi sakafuni mbele ya binti yake.

"Haikuwa mikono yako," alisema.

Akamweleza yote: jinsi alivyoliinua, jinsi lilivyoanza kuhama, jinsi mabega yalivyokuwa yakimuuma, jinsi alivyolifunika. "Uliponiambia linakuhama, ulisema kweli. Nilijua unasema kweli. Nikaona bora uonekane hujui wewe kuliko nichekwe mimi."

Alingoja machozi. Alingoja hata matusi, na angeyapokea kwa mikono miwili. Kifungua hakulia. Alimtazama baba yake kama mtu anayesoma maandishi ya mbali.

"Lilipoanza kuhama," alisema mwishowe, "mama aliweka mkono wake juu ya wangu. Akaniambia, mkono mwepesi, mwanangu. Mkono mwepesi."

Uzi akafumba jicho lake moja lililokuwa wazi.

"Alikuwa akirudia maneno yako, baba. Amekufa akiamini ni mimi."



Kesho yake Uzi alikwenda mwenyewe polisi akaandikisha maelezo. Kesi ya ajali iliyokuwa ikimngoja Kifungua ikamgeukia yeye. Akahukumiwa kifungo cha nje na kunyang'anywa leseni, na wapo waliosema ameadhibiwa kidogo, naye Uzi mwenyewe alikuwa mmoja wao. Kifungua alihamia kwa mjomba wake. Mkono ulipopona, mjomba alimpa gari la gerejini, akampeleka kwenye barabara tulivu, akamwambia aachie usukani kidogo. Gari likaenda limenyooka. Fundi alimsimulia Uzi kwamba mtoto alisimamisha gari pembeni, akalia mpaka jua likazama.

Huja kumtembelea baba yake. Humwamkia kwa heshima, humfagilia chumba, humwekea maji. Ila hamwombi ushauri wa jambo lolote. Baba akimwambia neno hulisikiliza mpaka mwisho, kisha huenda kumuuliza mjomba wake.

Jicho la Uzi lilipona, likawa linaona hata sindano sakafuni. Simu ya marehemu bado inalia mara mojamoja, mteja wa zamani akimuulizia mama wa mayai, naye Uzi huipokea na kueleza upya kwamba amefariki. Aliogopa kuchekwa mchana mmoja mbele ya gereji. Sasa hakuna anayemcheka, na angetoa kila alichonacho ili achekwe. Mficha maradhi, kifo humuumbua.