Ngiri Alipoambiwa Ajiangalie

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni vizuri, hamjanyimwa chakula. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, Ngiri alikuwa akiingia shimoni kwake kichwa mbele, kama yeyote mwenye kwao. Leo anaingia kinyumenyume, makalio yanatangulia. Mnamwona, mnacheka, sababu hamuijui.

Huyo Ngiri alikuwa na hasira. Hasira za nini? Za chochote. Nzi akitua puani mwake, ugomvi. Mizizi ikiwa migumu, ugomvi. Mkewe, Bi Mashavu, akinyamaza anaambiwa amenuna. Akisema anaambiwa ana mdomo. Mwisho Ngiri akamchana sikio mtoto wao wa mwisho, Kitinda. Kosa la mtoto? Alicheka.

Bi Mashavu hakulia. Alimwosha mtoto damu, akasema, "Baba Kitinda, nisikilize."

"Nasikiliza."

"Ukimchana mtoto tena, mimi na wanangu tunakwenda kwetu. Wala usitufuate. Kaka zangu wana meno marefu kuliko hayo yako."

Ngiri akaogopa. Maana aliwapenda, mjinga yule. Akaenda, akaenda, akaenda, mpaka kwa Kakakuona.

Kakakuona alikuwa na sifa mbuga nzima. Kazi yake kujikunja, akawa mviringo kama kata ya kubebea mtungi, pua juu ya kitovu, anavuta pumzi polepole: fuuu... fuuu... Wanyama wengine walisema, yule anatazama ndani, yule ameamka. Wengine walisema amelala tu.

"Hodi, Kaka!"

"Karibu."

"Kaka, hasira zinanimaliza. Mke anataka kuondoka na watoto. Nifanyeje?"

Kakakuona akafumbua jicho moja. "Jiangalie," akasema. Akajikunja tena.

Sasa, nyinyi nyote mmelelewa na mama zenu. Mama akikwambia "Jiangalie!" unajua fimbo iko karibu. Na Ngiri naye alikuwa na mama.

"Ala! Ananitishia!"

Akaondoka mbio, shingo imekakamaa, anatazama huku, anatazama kule. Jani likisema kwacha, anaruka. Alipofika kwake akawaza: nikiingia kichwa mbele, adui atanivamia nyuma. Akageuka. Akaingia kinyumenyume, macho nje, puu! Akawakalia wanawe.

"Wiii! Wiii!"

"Nani kawaambia mlale hapo?"

"Hapa ni kwetu, baba!"

Bi Mashavu akaruka katikati. "Kuwakalia kwa makalio sihesabu," akasema. "Lakini yale meno yakiinuka, leo hii nakwenda kwetu."

Ndiyo siku alipoanza mtindo ule, na mpaka leo hajauacha. Lakini tusimwache njiani. Alirudi kwa Kakakuona anatoka mapovu.

"Wewe! Kwa nini umenitishia?"

"Nimekutishia lini?"

"Umeniambia jiangalie!"

Kakakuona akacheka mpaka magamba yakalia, chakacha, chakacha. "Sikukwambia ujihadhari, ndugu yangu. Nimekwambia ujiangalie wewe. Hasira ikija, inaanzia wapi?"

"Kwa mke wangu."

"Mwilini mwako, nakuuliza."

Ngiri akafikiri. Kazi hiyo hakuizoea. "Sijui. Nikishtuka, nimeshapiga."

"Basi huwa umelala. Macho wazi, lakini umelala. Mkeo anajuaje kuwa umekasirika?"

"Sijui."

"Kamuulize. Halafu hasira ikianza, usiifukuze, usiifuate. Vuta pumzi, uitazame."

"Basi? Hakuna dawa? Hirizi?"

"Nina mchwa. Utakula?"

Ngiri akarudi. Akaingia kwa mtindo wake mpya, safari hii polepole, akakaa pale pale mlangoni. Akauliza, "Bi Mashavu, unajuaje kuwa nimekasirika?"

Kitinda ndiye aliyejibu, kichwa kimetokeza nyuma ya mamake.

"Mkia, baba."

"Mkia gani?"

"Wako. Unasimama wima, ti! Tukiuona tunakimbia."

Ndugu zake Kitinda wakaangua kicheko. Kumbe mbuga nzima ilikuwa ikiujua ule mkia! Mwenyewe tu ndiye hakuwa na habari.

Aibu ikamshika Ngiri. Na aibu ya Ngiri haikai muda mrefu, inageuka hasira. Watoto wakajibana ukutani. Watakimbilia wapi, na baba ameziba mlango?

Ngiri akasikia joto tumboni. Likapanda kifuani. Likapanda shingoni. Kisha huko nyuma akasikia kitu kinakaza, kinainuka. Akasema moyoni, "Huo. Huo unasimama."

Fuuu...

Joto likasema: piga. Akalitazama.

Likasema: piga, mtoto huyu hana adabu. Akalitazama.

Maisha yake yote alidhani anayesema "piga" ni yeye mwenyewe. Sasa akashangaa. Kama huyu ni mimi, anayemtazama ni nani?

Fuuu... Shingo ikalegea. Mkia ukashuka, taratibu.

Kitinda alikuwa amefumba macho, anangoja. Akafumbua moja. "Baba, bado hujapiga?"

"Sipigi."

Bi Mashavu akamtazama sana mumewe. "Leo umeweza. Na kesho?"

"Kesho sijui. Nitaangalia."

"Haya. Basi sogea hapo mlangoni, watoto wanakosa hewa."

Akasogea. Na wao wakabaki.

Msidhani Ngiri aliacha kukasirika. Alikasirika kesho yake, na keshokutwa. Lakini alijikuta yuko macho.

Funzo ni hili: hasira yako wenzako wanaiona kabla yako. Kuamka si kufumba macho na kuhema mbele za watu. Kuamka ni kuiona hasira ikiinuka, kabla haijamfikia mtoto.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni kwa Ngiri. Aliyesinzia, shauri yake.