Bembea ya Mnarani

Dawa ya moto ni moto. Wengi huikimbilia methali hii wanapotaka kurudisha tusi kwa tusi, wakasahau kwamba ina upande wake wa upole: mara nyingine kinachofanana na balaa ndicho kinachoituliza.

Palikuwa na mwanamke, fundi mkuu wa minara ya umeme wa upepo iliyosimikwa baharini. Wenzake walimwita Mama Kaza, kwa kuwa hakupita penye nati bila kuikaza. Hata mlango wa jikoni kwake alizikaza bawaba mpaka ukawa haufunguki. Siku moja alipanda mnara mpya pamoja na mkwewe, mume wa binti yake, naye fundi.

Karibu na kilele walikuta donge la chuma, kubwa kama gari, likining'inia kama timazi ya mwashi na kuyumba taratibu. Minara ya zamani aliyoizoea Mama Kaza haikuwa nalo.

"Kitu kizito hivi kinacheza juu ya vichwa vya watu!" alisema. Mkwe alitaka kupinga, akaishia kumshikia tochi. Nani ambishie mama mkwe? Mama Kaza akachomeka pini za kulifungia donge, akazigonga kwa nyundo, roho yake ikatulia.

Alasiri, wakiwa wameshuka hadi katikati ya mnara, upepo ulichafuka, bahari ikafura. Boti ya kuwachukua ikashindwa kusogea. Mnara ukaanza kuyumba kama mlevi. Halikuwa jambo la mzaha: chuma kikipindwa huku na huku huchoka, kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa hadi ukakatika. Na kule chini, kwenye kiungo kilichochomelewa, asubuhi walikuwa wameona ufa mwembamba kama unywele. Ukirefuka, mnara ungeanguka nao ndani.

"Simamisha mapanga!" aliamuru Mama Kaza.

Mapanga yale marefu yanayozungushwa na upepo yakasimama. Lahaula! Mnara ukazidi kuyumba, maana mapanga yakizunguka huegemea upepo na kuutuliza mnara. Sasa mawimbi yaliusukuma yatakavyo.

Mkwe alimsogelea. Kumpinga mama mkwe waziwazi kulikuwa mtihani, lakini alijua mama huyo hapiti penye kitendawili.

"Mama, kitendawili."

"Wewe! Tunakufa, unatega vitendawili?"

"Kitendawili, Mama."

"Haya tega, ufe umefurahi."

"Nikisimama analia, nikiyumba analala."

"Mama aliyebeba mtoto mgongoni," alijibu papo hapo. "Hicho nilikitegua sijaota meno."

"Basi mnara huu ndio mtoto anayelia. Na mama yake umemtia pingu kule juu."

Mama Kaza akainua uso kuelekea kileleni. "Unamaanisha lile dude?"

"Ndiyo, Mama. Mnara ukienda kulia, lenyewe huvuta kushoto, likaumeza mtikisiko. Nimeyaona mengine kama hilo kwenye minara niliyofanyia kazi kabla ya huu. Nisamehe, ningesema mapema."

"Na kama umekosea? Likifunguka likabomoa ukuta?"

"Hapo binti yako atakuwa mjane na yatima kwa siku moja, na atatulaani sote wawili."

"Mkwe gani huyu nimepewa!" alifoka, lakini tayari mguu wake ulikuwa kwenye ngazi.

Walipanda wakiing'ang'ania ngazi kama kupe. Mkwe alivuta pini, hazikutoka. Aliyezigonga alikuwa bingwa wa kukaza. Mama Kaza akamsogeza kando, akazigonga mwenyewe, moja baada ya nyingine. Kwenye ya mwisho mkono ulisita, maana maisha yake yote hakuwahi kulegeza kitu kizito. Akafumba macho, akagonga.

Donge likajivuta. Kwanza likafuatana na mnara, nao wakajibana ukutani. Kisha likabaki nyuma, na mnara ulipokwenda kulia, lenyewe likaenda kushoto. Polepole kishindo kikapungua, chuma kikaacha kulia, mnara ukatulia kama mtoto aliyeshiba.

Jioni bahari ilipolainika, walishuka moja kwa moja hadi kwenye kile kiungo. Mama Kaza alimulika tochi, akapitisha kidole. Ufa ulikuwa palepale, haujarefuka hata ukucha. Akaketi sakafuni, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Mwanangu," alisema, "siku nyingine nikikosea nipigie kelele, usinitegee."

"Na ukikasirika, Mama?"

"Nitakasirika. Kisha nitakusikiliza."

Wakaingia botini wakiwa wazima, na mnara ukabaki umesimama nyuma yao. Mtikisiko ulitulizwa na mtikisiko. Hakika, dawa ya moto ni moto.