Kwa Nini Shakwe wa Kitopeni Hulala Jicho Moja

Kila kipupwe, siku zile za baridi na manyunyu ambazo mtu akitoka bila shuka hujuta, hufika Kitopeni wageni wachache wenye darubini shingoni. Wanakuja kutazama ndege. Maji yakianza kupwa nao huteremka, wakawatazama bata wa mwituni kwenye vidimbwi, korongo wanaotembea kwa maringo, na mwari na mfuko wake chini ya mdomo. Lakini mwisho wa yote darubini huelekea fungu moja la mchanga lililoko ng'ambo ya mkondo. Hapo shakwe kama thelathini husimama mguu mmoja, wameuelekea upepo, jicho moja wazi na jicho moja limefumbwa. Wenzao wamekwenda zao kaskazini tangu kusi ilipoanza kuvuma. Wageni huuliza swali lile lile: hawa wamebaki wanafanya nini kwenye baridi hii?

"Wako zamu," hujibu wanawake wa Kitopeni. Mgeni akicheka huambiwa akae kitako asimuliwe. Haya, kaa na wewe.

Zamani za wazee wa wazee wetu, shakwe hakuwa hivi. Alikuwa mweupe pe, hana doa. Sauti yake ilikuwa ndogo, haifiki hatua tatu. Na akilala alilala kweli, kifudifudi juu ya mchanga, macho yote mawili yamefumbwa, kama mtu aliyeshiba ubwabwa wa harusi. Alikuja na kaskazi na kuondoka nayo, na hakuna aliyemjali.

Wakati huo, kama sasa, wanawake wa Kitopeni waliishi kwa kombe, zile zenye gamba zinazojificha matopeni. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari hukimbia mbali sana na kuacha matope matupu, nao huingia humo na mapakacha yao, wakainama kuchokoa kombe hadi viuno viwaume. Shida ni mkondo. Mkondo unapita kati ya matope na kijiji, na maji yakigeuka huingia huko kwanza. Aliyeinama anaiona bahari bado iko mbali mbele yake, anajipa moyo, kumbe nyuma yake njia imekwisha kufungwa. Watu walikwisha kufa kwa namna hiyo, tena si mmoja wala wawili.

Kwa hiyo iliwekwa desturi. Kila wanapoingia matopeni, mwanamke mmoja hachukui pakacha. Anasimama juu ya fungu, macho kwenye mkondo, mkononi upatu wa shaba. Akiona maji yamegeuka anaugonga, na wote huacha walichoshika wakavuka. Huyo aliitwa mngoja. Zamu ilizunguka, leo wewe kesho mimi, na kila mmoja alimpa mngoja konzi moja ya kombe. Msichana ambaye hajazaa hakupewa upatu. Walisema hajajua bado kuogopa.

Desturi ilikuwa hiyo, ila watu nao ni watu. Siku moja Bi Zamzam, aliyekuwa mkubwa wa wanawake, alishikwa na mgongo, akamwomba Mize amshikie zamu. Mgongo ukapona, zamu haikurudi. Mwingine akawa mjamzito. Mwingine akasema macho yake hayaoni vizuri, ingawa kombe za mwenzake aliziona. Wa nne alisema waziwazi kwamba hakuna anayengoja vizuri kama Mize. Mtu akisifiwa kwa kazi ambayo wengine hawaitaki, na ajue ameshafungwa nayo. Basi bamvua hadi bamvua, aliyesimama funguni akawa ni Mize peke yake.

Huyu Mize alikuwa mjane. Nyumbani alikuwa na mama yake mzazi, Bi Hidaya, aliyelala kitandani mwaka wa pili sasa, hawezi kujigeuza. Usiku kucha Mize alikuwa wa kumgeuza, kumnywesha, kumkanda miguu iliyokufa ganzi. Asubuhi anakwenda kusimama. Bintiye wa pekee, Tumu, ndiye aliyeingia matopeni, na alikuwa mwepesi, akipenda kufika mbali kuliko wote, kule kwenye kombe kubwa. Mize alilijua jambo moja na hakumwambia mtu: siku atakayolala, wa kwanza kuchukuliwa na maji atakuwa mwanawe.

Ndipo akabuni hila yake. Alisimama mguu mmoja, ule mwingine ameukunja. Akianza kusinzia hupepesuka, na akipepesuka huamka. Jicho moja likimwelemea hulifumba kidogo, hilo jingine likabaki kwenye mkondo, kisha akabadilisha. Hivyo alipitisha bamvua nne.

Mwaka huo kombe zilikuwa nyingi. Wanawake walizipasua palepale funguni ili kupunguza uzito, wakatupa matumbo yake, na shakwe wakala wakanenepa. Kusi ilipoingia wengi walikwenda zao, lakini kama thelathini hawakujisumbua. Kipupwe kikawakuta bado wamejilaza funguni, wamevimbiwa, wanakoroma.

Siku ya kwanza ya bamvua ya kipupwe, manyunyu yalikuwa yakianguka tangu alfajiri. Mize hakuwa amelala usiku wa tatu huo. Alisimama mguu mmoja, akabadilisha, akabadilisha tena. Kisha hakumbuki. Aliamshwa na maji baridi yaliyogusa kisigino chake. Aliugonga upatu hadi mkono ukauma, na wanawake wakaja mbio, wakavuka maji yakiwa kifuani. Tumu alikuwa wa mwisho. Alimeza maji, pakacha lake likaenda na mkondo, na alipofika ukingoni alikuwa anatapika.

"Mize, ulitaka tufe?" alisema Bi Zamzam, maji yakimchuruzika.

"Nisameheni, mama. Nilisinzia. Sijafumba macho siku ya tatu leo."

"Usinzie, una kazi gani wewe? Sisi tumeinama tangu asubuhi, viuno vinatukatika. Wewe umesimama tu!"

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mize aliyasikia maneno yale yakimwingia, akakosa hata nguvu za kukasirika.

"Basi kesho na asimame mwingine," alisema.

Kila mmoja akaanza kukamua nguo yake kwa bidii, kana kwamba hajapata kuona nguo iliyolowa. Tumu alisema kwa sauti iliyokauka, "Nitangoja mimi, mama," lakini hakupewa upatu, kwa kuwa alikuwa hajazaa. Mize alimshika mkono mwanawe wakaenda nyumbani. Bi Hidaya alikuwa akiomba maji ya kunywa.

Kesho yake, baada ya usiku mwingine wa kugeuza na kukanda, Mize alipanda funguni na upatu wake. Wanawake waliingia matopeni bila kumtazama usoni. Tumu naye akaenda, kwani ndani hamkuwa na chakula. Mize alikunja mguu, akahisi ule uliobaki unatetemeka. Alichungulia chini, na pande zote akawaona shakwe wamejilaza, macho yote wameyafumba, vifua vinapanda na kushuka kwa raha. Alitaka kulia. Badala yake akapandwa na hasira.

"Ninyi!" alisema. "Mlifika hapa lini?"

Shakwe mmoja mzee alifumbua jicho. "Kaskazi ilipoanza, mama," alijibu kwa ile sauti yake ndogo.

"Na sasa ni majira gani?"

"Kipupwe."

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ninyi miezi na miezi mnakula matumbo ya kombe zetu na kulala mbele ya macho yangu. Jembe lenu liko wapi?"

Shakwe yule alikuwa mzee mwenye adabu zake, akaona aibu. Aliinuka, akajikung'uta mchanga.

"Umesema kweli, mama. Tupe jembe. Ila hatuna mikono."

"Sitaki mikono. Nataka macho. Mngoje maji pamoja na mimi."

"Lakini na sisi tuna usingizi."

"Nani hana? Lala na jicho moja, hilo jingine liache kwenye mkondo. Kisha badilisha."

"Na hilo jingine nalo likifumba?"

"Kunja mguu. Ukisinzia utaanguka." Akawaonyesha.

Shakwe wote thelathini wakajaribu. Wa kwanza alianguka ubavu, akamwangukia wa pili, naye wa pili akamwangusha wa tatu, na fungu zima likawa mbawa na miguu. Mize alicheka. Hakuwa amecheka tangu mama yake ashindwe kuinuka kitandani. Walijaribu tena na tena hadi wakasimama, wakagundua kwamba wakiuelekea upepo hawayumbi sana.

"Na mkiona maji yamegeuka, pazeni sauti," alisema Mize.

"Sauti yetu haifiki hatua tatu."

"Basi nifuateni mimi."

Akapaza sauti, "Maji!" Lakini koo lake lilikuwa la mtu asiyelala, na neno lilitoka limekwaruza, limepasuka katikati, linavuta mwisho wake kama kilio. Shakwe walijaza vifua wakalirudia vilevile, pamoja na mkwaruzo wake na ule mpasuko. Hawakujua kwamba hayo ni uchovu. Walidhani ndivyo neno lilivyo.

Mize aliwatazama, macho thelathini yaliyoelekea mkondo. Alijiambia atakaa chini kidogo tu, apumzishe mguu. Alikaa. Upatu akauweka mapajani. Kisha upatu ukateleza mchangani, naye hakuusikia.

Maji yaligeuka mapema siku hiyo, yakiingia mkondoni polepole bila povu. Jicho la shakwe mzee liliyaona. Alijaza kifua akapiga ukelele, na wenzake wote wakapokea.

Matopeni wanawake waliinua vichwa. Bi Zamzam aliitazama bahari, akaiona bado iko mbali. "Upatu haujalia," alisema. "Ni ndege tu hao."

"Hiyo ni sauti ya mama!" alisema Tumu, aliyekuwa mbali kuliko wote. Alitupa kijiti cha kuchokolea akaanza kukimbia, matope yakimshika magotini. Alipowapita wenzake hakusimama. Mwanamke mmoja akamfuata, kisha wawili, kisha wote, na Bi Zamzam nyuma yao akinung'unika.

Walipofika funguni waliwakuta shakwe wamemzunguka Mize wakilia kwa nguvu zao zote. Yeye alikuwa amelala ubavu, mchanga shavuni, mdomo wazi, na maji yameanza kumlowesha miguu. Tumu alimtikisa. Hakuamka. Akamtikisa tena, akaita "Mama! Mama!" hadi sauti ikamkatika. Bi Zamzam alipiga magoti, akaweka kiganja mbele ya pua ya Mize, na wote wakangoja.

"Amelala," alisema.

Alimtazama vizuri, huenda kwa mara ya kwanza mwaka ule. Aliona macho yaliyozama na miguu iliyovimba kwa kusimama. Maneno ya kugomba alikuwa nayo tayari, akayameza yote. Kisha akageuka kuutazama mkondo, akaona ulivyokwisha kujaa.

"Acheni mapakacha," aliwaambia wenzake. "Tumu, shika mabega. Mimi nashika miguu."

Wakambeba. Kombe zote za siku ile zilibaki funguni, na wanawake wakaingia mkondoni wamemwinua Mize juu ya maji, wengine wakimshika mgongo, wengine wakikishika kichwa chake kisilowe. Katikati, maji yakiwa kiunoni, alifumbua jicho moja.

"Maji yamegeuka?" aliuliza.

"Yamegeuka, mwanangu," alisema Bi Zamzam. "Wengine wameyaona. Wewe lala."

Akalala. Alilala mchana ule, na usiku wake, na hata kesho yake jua lilipokuwa limesimama. Muda wote huo aliyekuwa akimgeuza Bi Hidaya ni Bi Zamzam, na siku ya pili yake ndiye aliyepanda funguni na upatu. Aliporudi hakuweza kuketi bila kushikwa. Kisha watu walimwona akimpelekea Mize si konzi moja bali pakacha zima.

Na tangu siku hiyo zamu ya Kitopeni huzunguka, na hakuna mgongo wala macho yanayoizuia. Tangu siku hiyo, kusi ikianza, shakwe wazima huenda kaskazini kutaga, na wale vijana ambao hawajafika umri wa kuatamia hubaki kungoja pamoja na wanawake. Ndiyo maana wa kipupwe si weupe pe. Matope ya Kitopeni yamewaachia madoa ya hudhurungi hadi wakomae. Hulala jicho moja na mguu mmoja, nyuso kwenye upepo. Maji yakigeuka hulia kwa sauti ile ile iliyokwaruza, na mwanamke anayeondoka funguni huwaachia kombe chache za juu ya pakacha lake.

Na wageni wenye darubini, wakishamaliza siku nzima ya kusimama kwenye manyunyu wakiwatazama, hurudi kijijini wakisugua magoti. Wazee wetu huwapa kiti na chai ya tangawizi. Miongoni mwetu hakuna wa kuwauliza wamechoshwa na nini, kwa sababu Kitopeni hatumwambii mtu kwamba amesimama tu.