Kwa Nini Mavi ya Chuma Hayashuki Mpaka Yakorogwe

Kisa hiki ni cha ukoo wetu wa wafua chuma, huku milimani Upare, na sitawaficha: kinanitia haya. Lakini mmeuliza, nami sina budi kujibu.

Zamani, chuma kilipoyeyuka chunguni, ule ujiuji mweusi unaoelea juu yake haukuwa na jina baya. Wazee waliuita Mlezi. Mlezi hakusubiri kukorogwa na mtu. Moto ukikolea alishuka mwenyewe ndani ya chuma, akazunguka huku na huku, akazibeba taka zote, kisha akapanda polepole na kutulia juu. Hapo ndipo mfua chuma alipomwondoa kwa kijiti kibichi na kumwambia ahsante. Majembe ya siku hizo yalirithiwa na wajukuu.

Walikuwapo ndugu wawili, Semtiko na mdogo wake Sengasu. Semtiko ndiye aliyesimama juu ya chungu miaka yote, na moto ulikuwa umemla uso: nyusi hana, shavu moja limekunjamana. Sengasu alikaa kwenye mivukuto ya kuvuvia, mbali kidogo na moto, akabaki na sura yake nzuri. Alimposa Namkunda, binti wa Mzee Sekiete wa bonde la pili, na kwa desturi mkwe alikuja na jamaa zake kushuhudia chuma cha jembe la posa kikiyeyushwa.

Siku hiyo Sengasu alijipamba, akataka kila kitu kipendeze. Chuma kikachemka. Mlezi ndiyo kwanza alikuwa anashuka na kupanda, na chungu kizima kikawa cheusi. Mzee Sekiete akachungulia, akakunja pua.

"Mbona kimechafuka hivi, mwanangu?"

Sengasu akaona haya. "Mavi ya chuma tu hayo, baba. Nayaondoa sasa hivi."

Semtiko akamshika mkono, akasema kwa upole, "Mdogo wangu, mwache kwanza. Hajamaliza kazi."

Mzee akamtazama yule mtu wa uso ulioungua. "Anakuita mdogo wake. Ni nani kwenu huyu?"

"Huyo? Ni mchoma mkaa wetu tu, baba. Huita kila mtu hivyo."

Mnasikia maneno hayo? Semtiko akamwachia mkono, akatoka nje. Sengasu akamkwangua Mlezi na kumtupa majivuni. Chuma kikabaki kinang'aa, na wakwe wakapiga vigelegele.

Mvua za kwanza ziliponyesha, Mzee Sekiete alilipeleka jembe shambani mbele ya jamaa zake wote. Pigo la tatu, likakatika vipande viwili. Ndani yake mlikuwa na mistari myeusi ya taka zilizokosa wa kuzibeba.

Akavirudisha vipande hivyo mwenyewe, akifuatana na binti yake. Hakugomba. Alisema tu, "Njiani tumeambiwa kwamba wewe na yule mchoma mkaa mmenyonya ziwa moja." Sengasu akainamisha kichwa. Aliyemalizia ni Namkunda: "Umemkana kaka yako kwa ajili ya wageni wa siku moja. Mimi nikizeeka, au nikiungua, utasema ni nani?" Wakaondoka, na posa ikafia hapo.

Sengasu alitamani ardhi ipasuke immeze. Akamwokota Mlezi majivuni, akamtia chunguni pamoja na vipande vya jembe, akavuvia mpaka vyote vikayeyuka. Lakini Mlezi alikaa juu, kimya, wala hakushuka hata kidogo. Ameitwa mavi mbele ya watu. Angeshukaje tena kwa hiari yake? Sengasu akamwendea kaka yake, akapiga magoti. Semtiko akampa kijiti kibichi.

"Koroga," akamwambia. "Ukimaliza, ngoja apande mwenyewe."

Akakoroga mpaka jua likachwa, moto ukimla uso na yeye. Chuma kikatakata. Namkunda hakurudi, na aibu ile haikutoka kwa kukorogwa.

Na tangu siku hiyo mavi ya chuma hukaa juu ya chuma, yamejitenga, mpaka mtu ayakoroge kwa nguvu yachanganyike nacho. Hapo ndipo yanapobeba taka. Tukiyakwangua kwa pupa, jembe hukatika. Lile jina la matusi nalo limeganda, hata mimi leo nimelitaja na mmenisikia. Mgeni akiingia katika banda letu la kufulia, kabla hajaonyeshwa chuma chochote, sisi humwonyesha kwanza yule aliyeungua kuliko wote na kumwambia: huyu ndiye kaka yetu. Wajukuu wa Semtiko hukaa hapo wakisikiliza, na hawajawahi kukisimulia kisa hiki hata mara moja. Kazi hiyo tumeachiwa sisi, wajukuu wa Sengasu.