Joho la Mwinyi Kai

Joho la amana humvaa aliyelivaa. Mliisikia jana harusini, mkacheka, mkadhani watu wanasengenya mavazi. Punguzeni meno, wajukuu. Methali hii ilianza hivi.

Zamani za babu wa babu yangu, katika mji wa Mtangani, alikuwako Bwana Shekue, mtunza amana. Benki hazikuwako; benki ilikuwa chumba chake cha ndani, chenye makasha saba. Mtu akisafiri bara na msafara, humpelekea kitu chake cha thamani kimefungwa katika nguo, fundo amelipiga kwa mkono wake mwenyewe. Desturi ilikuwa moja: fundo halifunguliwi ila na aliyelifunga, au mrithi wake. Miaka thelathini Shekue hakugusa fundo la mtu. Mkewe, Bi Mwanahija, alilala na mali ya mji mzima ukutani mwake, naye hana hata kipini cha pua.

Diwani wa mji akafa, Shekue akakitaka kiti. Wazee wakakubali, nani atamkatalia mtu aliyemshikia vitu vyake? Lakini diwani mpya huzungushwa mji mzima amevaa joho ndipo aketishwe, na Shekue hakuwa nalo. Kununua akaona hasara. Katika kasha la nne mlikuwa na joho la Mwinyi Kai, jeusi, la nyuzi za dhahabu. Mwinyi Kai alikwenda bara, mwaka wa tisa huo, hakurudi. Mjane wake, Bi Mize, alikuwa ameliomba mara tatu, na mara tatu Shekue alimjibu kuwa kifo hakijathibitika, joho atampa mwenyewe tu.

Asubuhi ile alikata fundo kwa mkasi. Bi Mwanahija aliiona nguo ikijikunjua polepole, kama mtu anayeamka. Akamsihi mumewe asilivae. Shekue akasema maiti hana haja ya joho, ana sanda yake.

Ngoma ikatangulia. Mtaa wa kwanza alikwenda mwendo wake. Mtaa wa pili akaanza kuchechemea mguu wa kushoto, na Bi Mwanahija akakatiza kigelegele chake. Mumewe hakuwa na kilema. Mwenye kilema alikuwa Mwinyi Kai.

Walipofika penye kiti, akakipita. Akaenda moja kwa moja hadi kwa Bi Mize, akakohoa mara mbili mlangoni, akaingia. Bila kutazama akapeleka mkono nyuma ya mlango, akatwaa bakora iliyotundikwa pale tangu miaka tisa.

Bi Mwanahija alimkuta ameketi kitandani.

"Baba Sauda, twende nyumbani."

Akamtazama kwa adabu, kama mtu amtazamavyo mgeni. "Umepotea nyumba, mama. Mize, niletee maji ya miguu. Nimetembea sana."

Bi Mwanahija akalivuta joho. Lilikuwa baridi, nalo limemganda kama gome mtini. Akampigia magoti mwenye nyumba.

"Shoga, nipe mume wangu."

"Si alisema atampa mwenyewe tu?" Bi Mize akajibu. "Mwenyewe kaja. Miaka tisa namngoja. Ungekuwa wewe, ungemtoa?"

Kisha Bi Mize akaitazama ile mikono iliyoshika bakora.

"Lakini mikono ni ya mumeo," akasema. "Nusu mume sitaki."

Akaleta maji, akamwosha miguu taratibu, akamwinamia sikioni. "Mwinyi Kai, amana yako imefika. Mimi mrithi wako nimeipokea. Pumzika."

Joho likateleza lenyewe hadi chini. Bi Mize akalifunga, akapiga fundo lake.

Kiti alipewa mwingine, na makasha yote saba wenye amana waliyakomba siku ile ile. Shekue aliishi miaka mingi baadaye. Ukimwita Shekue, hageuki. Ukimtaja Mwinyi Kai, hukohoa mara mbili. Na akichelewa kurudi alasiri, Bi Mwanahija hakuuliza watu yuko wapi. Aliujua mlango wa kwenda kubisha.

Joho la amana humvaa aliyelivaa.