Daftari la Nasoro

Karani mmoja wa mahakama, Mzee Kibwana, alikuwa na mtoto mmoja tu, Nasoro, naye hakumpenda. Mama alifariki siku ya kumzaa, na baba akamwita mtoto mkosi. Alimwita hivyo mbele ya wageni, na akimpiga kwa mkanda alimwita hivyo tena. Mtoto alipotimiza miaka kumi na miwili alimtoa nje na begi lake la shule, akafunga mlango. Jamani, miaka kumi na miwili!

Nasoro alilala sokoni chini ya meza za nyanya. Akaiba, akafungwa, akatoka. Kisha akaanza kughani maisha yake juu ya mdundo, kwa hasira, bila kuficha kitu: mkanda, mlango, na jina kamili la baba yake. Vijana waliofukuzwa makwao walimsikia wakalia, wakazikariri nyimbo zake zote. Nchi nzima ikamjua Kibwana bila kumwona. Akiingia msikitini, watu walinyamaza.

Nasoro alikufa kwa ugonjwa wa kifua, hajafika hata miaka thelathini.

Siku ya arobaini ndugu waligawana vitu vya marehemu, na kwa ada yao baba ndiye huchagua kwanza. Uwanja ulijaa vijana. Palikuwa na mashati, viatu na saa nzuri ya mkononi. Kibwana hakuvitazama. Alichukua daftari la mashairi, limejaa mpaka jalada la nyuma. Dada yake, Bi Tatu, alimshika mkono akimsihi asome japo ukurasa mmoja. Akamsukuma. Maisha yake yote alikuwa ametunza mafaili, akaamini jambo likishatoka kwenye faili limekwisha. Akaenda moja kwa moja kwenye moto wa pilau, akalitupa daftari chini ya sufuria.

Vijana wakasimama wote kwa pamoja. Wapishi waliacha miko wakarudi nyuma. Mzee hakujali, alisubiri mpaka karatasi zikawa nyeusi, ndipo akashusha pumzi. Maskini, alidhani amepona.

Mikidadi, aliyekuwa akighani na marehemu na ndiye aliyemuuguza, aliwazuia wenzake kwa mkono, akamwambia, "Mzee, zile za mkanda na mlango sote tunazo kichwani, hujachoma hata moja. Kurasa za mwisho alikuandikia wewe, kule wodini, na hakumsomea mtu."

Kibwana akapiga magoti, akaingiza mikono motoni. Walimvuta akipiga kelele, vidole vimeungua, na kiganjani hakuwa na kitu ila majivu.

Mzee yuko hai, na nyimbo zile zinaghaniwa hadi leo. Nawauliza ninyi mnaoogopa kusikia watoto wenu wanasema nini: nani sasa atamwambia mzee huyu kama mwanawe alimsamehe?