Mfanyakazi Mpya wa Miaka Mitatu

Wanyama walipokuwa bado wakiajiriana kwa maneno ya mdomo, ukame uliingia nyika ya Marera ukakataa kutoka. Mito ilibaki mchanga mtupu. Simba, mfalme, aliyekuwa na kiu kama mnyama yeyote ingawa hakupenda lisemwe, alimpa Fisi kibali cha kuchimba kisima kwenye bonde kavu. Kibali kilikuwa na sharti moja, ambalo Simba alilitunga mwenyewe na kulisifu mwenyewe katika kila baraza: kisima kikizidi kimo cha twiga, asishuke ndani yake mfanyakazi ambaye hajatimiza mwaka kazini.

Fisi hakujua kuchimba. Alijua kuwa bosi. Akaajiri Ngiri, Nyani na Punda, kwa ujira wa mtungi mmoja wa maji kwa siku. "Hapa sisi ni familia," aliwaambia, kisha akaenda kulala kivulini.

Familia hiyo ilikuwa na desturi yake. Kila mwezi ulipoandama, wachimbaji wote walitoka langoni, wakazunguka kichuguu kilichokuwa nje, wakaingia tena. Fisi aliwapokea kwa tabasamu pana. "Karibuni, wafanyakazi wapya! Mko kwenye majaribio."

Kwa sheria ya nyika, aliyetimiza miezi sita kazini alikuwa na likizo, notisi, na haki ya kusikilizwa kabla ya kufukuzwa. Kwa Fisi hakuna aliyewahi kuvuka mwezi mmoja. Punda alikuwa amekizunguka kichuguu mara thelathini na sita. Ndiye aliyewafundisha wenzake kukaza magogo ukutani ili udongo usiporomoke, na bado bosi alikuwa anaangalia kama anafaa.

Punda hakulalamika. Mkewe alimpokea nyumbani kila jioni kwa swali lile lile: "Leo wamekuonaje, mgeni?" Wakacheka. Mtungi uliwatosha wawili.

Siku tatu baada ya mzunguko wa thelathini na saba, mke wa Punda alifariki.

Asubuhi Punda alisimama langoni kabla kazi haijaanza, Ngiri akiwa karibu.

"Bosi, nimefiwa. Mke wangu. Naomba siku nne nikae matanga."

Fisi alitikisa kichwa kwa huzuni. Alikuwa na huzuni nzuri sana. Haikuchakaa kwa sababu hakuitumia mara nyingi. "Pole, mzee wangu. Sisi ni familia. Lakini siku nne ni za wafanyakazi wa kudumu. Wewe umeanza lini?"

"Miaka mitatu iliyopita."

"Umeanza juzi. Umezunguka kichuguu kwa miguu yako mwenyewe, mimi sikukubeba."

"Basi nimekuarifu, bosi. Naenda kuzika."

"Nenda, baba. Nenda," alisema Fisi kwa upole, na kabla Punda hajafika kona alikuwa ameshampa Nyani mtungi wa Punda wa siku hiyo.

Siku ya pili ya matanga, Ngiri alifika. Alitoa pole, akaketi, akasimama, akaketi tena.

"Kaka Punda, nimetumwa. Umefukuzwa. Utoro."

Ngiri alitazama chini, akaendelea.

"Amesema pia mzoefu kama wewe, wa miaka mitatu, alipaswa kutoa notisi ya mwezi mzima kabla ya kuondoka."

Msibani alikuwepo Sungura, amekuja kula chakula cha matanga. Aliacha kutafuna. "Amesema miaka mitatu? Mbele ya nani?"

"Mbele ya kisima kizima."

Sungura hakuwa na huruma nyingi, lakini hakupenda kuona ujanja unafanywa vibaya. "Amka, kaka. Tunaenda kwa Simba."

"Sina nguvu ya kesi."

"Na maji unayo?"

Punda aliutazama mtungi. Ulikuwa mkavu. Akaamka.

Simba alimwita Fisi na wachimbaji wake, akawasikiliza wote kutoka juu ya mwamba, akichana manyoya ya shingo. Sungura aliinama, akamgeukia Fisi.

"Bosi, tusaidie sisi tusiojua kitu. Punda ni mgeni au mzoefu?"

"Mgeni!" alisema Fisi. "Ana siku tano tu. Mgeni hana likizo. Mimi naijua sheria, bwana, usinijaribu."

"Na wenzake?"

"Wageni wote. Sina hata mmoja aliyefikisha miezi miwili. Waulize kama hawakuzunguka kichuguu."

"Hongera. Na kisima kimefika wapi?"

Fisi alivimba kifua. "Twiga wawili kwenda chini! Nyika nzima hakuna kisima kama changu."

Chanuo la Simba lilisimama katikati ya shingo.

"Fisi. Twiga wangapi?"

Kifua cha Fisi kilishuka. "Mmoja na nusu, Mfalme."

"Na wanaoshuka ni wageni? Na sharti langu?"

"Hapana, Mfalme! Wanaoshuka ni wazoefu! Wazoefu watupu! Huyu Punda, kwa mfano, amechimba miaka mitatu bila kupumzika!"

"Basi matanga yalikuwa haki yake," alisema Sungura, akaketi.

Simba alimtazama Punda. "Mwajiriwa naye ana wajibu. Uliaga?"

"Niliaga, Mfalme. Langoni, kabla ya kazi."

"Nilikuwepo," alisema Ngiri.

"Naye alikuita akusikilize kabla ya kukufukuza?"

"Alimtuma Ngiri."

Simba aliunguruma mpaka mawe yakadondoka. Hakukasirika kwa ajili ya Punda. Alikasirika kwa ajili ya sharti lake. Punda hakuwa mahali pa kuchagua haki imfikie kwa sababu gani. Fisi alinyang'anywa kibali, wakapewa wachimbaji, Punda akawa msimamizi wao, na kila mmoja akahesabiwa kazini tangu siku yake ya kwanza ya kweli.

"Una ombi?" Simba alimuuliza.

"Siku mbili, Mfalme. Zilizobaki."

Akaenda akazimaliza.

Haikupita wiki, Fisi alikuja langoni, ulimi nje. Punda alimwekea mkataba mbele yake.

"Kazi ni kuvuta kamba. Majaribio miezi mitatu, mara moja tu. Ujira mtungi mmoja kwa siku. Usipoweza kuja, utatuarifu."

Fisi, ambaye hakuwahi kusoma mkataba kwa kuwa hakuwahi kuuandika, alipitisha ukucha kila mstari akitafuta mtego. Mwishoni ukucha ulisimama.

"Siku nne za msiba, tangu siku ya kwanza? Mbona mnanipa na sijafiwa?"

"Tunaandika sasa," alisema Punda, "kwa sababu siku hiyo hutakuwa na sauti ya kuomba."

Fisi alitia alama yake. Kisha, kwa mazoea, akauliza azunguke kichuguu upande gani. Ngiri akamkabidhi kamba.

Jioni Punda alibeba mtungi wake nyumbani, akanywa mpaka akatosheka. Siku hizi ulikuwa unabaki nusu.